Toa Kumi na Tisa: Namba Tasa Iliyo Ndani ya Simu za Dumila

Wasikilizaji wa Dumila, Magole, Mvumi, Msowero na Rudewa, nanyi mlioko Kilosa mjini mpaka Mikumi, leo nimekuja na namba moja tu. Nitaisoma yote, polepole, tarakimu tatu tatu, na aliye jikoni asihangaike kutafuta kalamu:

57,896,044,618,658,097,711,785,492,504,343,953,926,634,992,332,820,282,019,728,792,003,956,564,819,949.

Ina tarakimu 77. Nimesema msihangaike na kalamu kwa sababu namba hii ndefu ina njia fupi ya kuiandika. Chukua 2, uizidishe kwa 2, tena kwa 2, hadi zile mbili zitimie 255. Jibu utakalopata, toa 19. Basi. Mwalimu wa hisabati angeandika ubaoni: 2 kwa kipeo cha 255, toa 19.

Ni namba tasa. Na kama simu yako ina WhatsApp, na leo umeuliza bei ya mahindi au umemtumia mtu picha ya mtoto, namba hii imefanya kazi kwa niaba yako.

Kwanza tukumbushane, maana wengine tuliacha daftari la hisabati shuleni tukafunga na mlango. Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiwa na magunia 12 pale sokoni, unaweza kuyapanga safu 3 za manne manne, au safu 2 za sita sita, yakakaa mstatili mzuri. Ukiwa na magunia 13, panga utakavyo: ni safu moja ndefu, au kuna gunia litakalobaki pembeni. Kwa hiyo 13 ni tasa, 12 si tasa. Ni hilo tu. Hesabu yote ninayoizungumza leo imejengwa juu ya jambo hilo ambalo mtoto wa shule ya msingi analifahamu.

Sasa turudi kwenye ile yetu ya tarakimu 77. Swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili angeuliza ni hili: kwa nini 19? Kwa nini wasitoe 1, au 10, au 100? Sehemu kubwa ya jibu lake inaweza kutafutwa hapahapa Dumila kwa penseli, bila kompyuta, na ndiyo maana naipenda namba hii kuliko nyingine zote kubwa.

Anza na 2 kwa kipeo cha 255. Hiyo ni shufwa, kwani imezaliwa na mbili tupu. Ukitoa namba shufwa kwake, itabaki shufwa, na hakuna shufwa iliyo tasa zaidi ya 2 yenyewe. Kwa hiyo tutatoa witiri tu: 1, 3, 5, 7 na kuendelea, tukitafuta ya kwanza itakayotupa namba tasa.

Tutahitaji kujua mambo machache kuhusu vipeo vya 2. Tazama tarakimu ya mwisho: 2, 4, 8, halafu 16 inaishia na 6, 32 inaishia na 2, na mzunguko unarudi pale pale, 2, 4, 8, 6, bila kuchoka. Mzunguko una hatua nne. Gawa 255 kwa 4, unabaki na 3, kwa hiyo tunasimama kwenye hatua ya tatu: namba yetu inaishia na 8. Ukigawa vipeo vya 2 kwa 3, mabaki yanapishana, 2, 1, 2, 1. Kwa kuwa 255 ni witiri, baki ni 2. Ukigawa kwa 7, mabaki ni 2, 4, 1, yakijirudia kila hatua tatu. 255 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo baki ni 1. Ukigawa kwa 17 mzunguko ni wa hatua nane, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1, nasi tunasimama kwenye ya saba: baki ni 9. Namba yenyewe hatujaiona hata tarakimu moja ya katikati, lakini tayari tunajua tabia zake.

Haya, tutoe. Ukitoa 1: kugawa kwa 7 kuliacha baki 1, umeiondoa, kwa hiyo 7 inaigawa. Si tasa. Ukitoa 3: ilikuwa inaishia na 8, sasa inaishia na 5, inagawanyika kwa 5. Ukitoa 5: kwa 3 baki lilikuwa 2, toa 5 unapata pungufu ya 3, maana yake 3 inaigawa. Ukitoa 7, hiyo tuiweke pembeni kidogo, ina ujanja wake. Ukitoa 9: kwa 17 baki lilikuwa 9 kamili, kwa hiyo 17 inaigawa. Ukitoa 11: inarudi kwa 3. Ukitoa 13: inaishia na 5 tena. Ukitoa 15: inarudi kwa 7, maana 15 ni 14 na 1. Ukitoa 17: 3 inaigawa.

Ukitoa 19, ndipo penyewe. Hakuna kinachoigawa.

Ile ya 7 ndiyo iliyonivutia. Jaribu kuigawa kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 11, kwa 13, endelea hivyo na namba tasa zote zilizo chini ya 100: kila mara linabaki baki. Mtu angeshawishika kusema hii ni tasa, mbona 19 wakaipa heshima isiyo yake? Lakini kutokugawanyika kwa wadogo si ushahidi. Ina vigawo vyake huko mbali, na tunajua hivyo bila kulazimika kuvifahamu kwa majina.

Hapa ndipo hisabati inapofanya jambo ambalo mimi hadi leo linanishangaza. Ukitaka kuhakikisha kwamba namba ya tarakimu 77 ni tasa kwa kujaribu wagawanyaji wote, inabidi uwafikie mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho kina tarakimu 39. Mashine zote za dunia hazimalizi kazi hiyo. Lakini mwaka 1640 Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat, mwanasheria aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake, aliandika katika barua kwamba namba tasa zina tabia moja ya kipekee. Chukua namba tasa yoyote iliyo zaidi ya 2, punguza 1, zidisha 2 kwa yenyewe mara hizo, kisha gawa kwa ile namba tasa: baki litakuwa 1, daima. Jaribu 13. Punguza 1 ni 12. Mbili kumi na mbili zikizidishwa ni 4,096. 13 mara 315 ni 4,095. Baki, 1. Sasa jaribu 15, ambayo si tasa. Mbili kumi na nne zikizidishwa ni 16,384. 15 mara 1,092 ni 16,380. Baki ni 4. Umeona? Tumejua 15 si tasa, na hatujaitaja 3 wala 5 popote.

Ndivyo ile ya "toa 7" inavyonaswa. Unaiuliza swali la Fermat, haijibu 1, mchezo umekwisha. Nani anayeigawa? Hilo ni swali jingine, na ni gumu zaidi kwa mbali. Kujua kwamba kigawo kipo na kukipata ni kazi mbili tofauti kabisa.

Ngoja niwe mkweli kwa wale watakaokwenda kumbana mwalimu kesho: zipo namba chache zinazodanganya kwenye kipimo hiki. Chukua 341. Ni 11 mara 31, si tasa, lakini ukiipima kwa 2 inajibu 1 kama mtakatifu. Kwa hiyo namba yetu haikuishia kwenye kipimo cha Fermat. Ilithibitishwa. Waliipunguza 1, wakaivunja ile iliyobaki mpaka mwisho: ni 4, mara 3, mara 65,147, mara namba tasa nyingine yenye tarakimu 71. Ukishakuwa na vipande hivyo vyote, uko uthibitisho kamili usioacha upenyo, na kompyuta ndogo huumaliza kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo namba hii si siri. Imeandikwa kwenye vitabu, ipo wazi kwa rafiki na adui. Aliyeichagua anajulikana: Daniel J. Bernstein, Mmarekani, aliyechapisha kazi yake mwaka 2006. Alikuwa na washindani wengine mezani, namba tasa za aina hiyohiyo zilizo karibu na kipeo cha 2, na zile tofauti zao zilikuwa 31, 39, 51, 79 na 95. Alieleza kwamba alichagua 19 kwa sababu 19 ni ndogo kuliko hizo zote. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mtu anayekuchagulia kufuli na kukupa sababu ya mstari mmoja, unayoweza kuihakiki mwenyewe, huyo namwamini. Mwaka 2013, nyaraka alizotoa Edward Snowden zilipowafanya watu waanze kuulizana ni nani aliyezipanga namba zinazolinda mawasiliano yao na kwa nia gani, namba zenye asili ya kutatanisha zilitiliwa shaka duniani kote. Hii yetu ilitoka safi, kwa kuwa haikuwa na pa kuficha kitu.

Lakini kwa nini udogo wa ile tofauti uwe na maana? Ni kwa sababu ya betri ya simu yako. Kazi nzima ya simu hapa ni kuzidisha namba kubwa, kugawa kwa ile namba tasa, na kubaki na baki tu. Kuzidisha ni rahisi. Kugawa ni mzigo. Namba tasa ikiwa jirani wa kipeo cha 2, kugawa kunakwepeka. Mfano mdogo: 13 ni 16 toa 3. Nataka baki la 50 ukigawa kwa 13. Badala ya kugawa, nasema kila 16 ninayoikuta naihesabu kuwa 3. Ndani ya 50 kuna 16 tatu na zinabaki 2. Tatu mara 3 ni 9, ongeza 2, ni 11. Gawa 50 kwa 13 uone: baki ni 11. Nimegawa bila kugawa. Simu inafanya hivyohivyo: kila kinachovuka 2 kwa kipeo cha 255, inakizidisha kwa 19 na kukirudisha ndani. Kuzidisha kwa 19 ni kazi nyepesi, hata kwa simu ya bei ya chini iliyochajiwa kwa sola ndogo kule Mvumi.

Sasa inalindaje? Tuseme mama mmoja ana ghala lake hapa njia panda, pale barabara ya Kilosa inapoiacha ile kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Shemeji yake yuko Mikumi na ndiye anayemtafutia wateja. Wanataka kukubaliana namba ya siri, lakini njia pekee waliyonayo ni kupaza sauti mbele ya madalali wote wa soko. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha kwamba inawezekana. Tutumie namba tasa ndogo, 13, na namba ya kuanzia, 2. Zote mbili zinatangazwa hadharani.

Mama anachagua siri yake, 3, hamwambii mtu. Anazidisha 2 mara tatu, ni 8, na anaitangaza: "Shemeji, nane!" Shemeji naye amechagua siri yake, 7. Mbili saba zikizidishwa ni 128, gawa kwa 13, baki ni 11. Anajibu: "Kumi na moja!" Sasa mama anachukua ile 11 na kuizidisha mara zake tatu za siri: 1,331, gawa kwa 13, baki ni 5. Shemeji anachukua ile 8, anaizidisha mara zake saba: 2,097,152, gawa kwa 13, baki ni 5. Wote wawili wanayo 5. Madalali walisikia 13, 2, 8 na 11, na hiyo 5 haikutamkwa na mtu.

Kwa 13 dalali mwerevu atajaribu siri zote kumi na mbili akaipata kabla chai haijapoa. Ndiyo maana tunahitaji tarakimu 77. Lazima niongeze kwamba simu haitumii vipeo vya kawaida kama nilivyofanya mimi; inarukaruka kwenye nukta za mstari fulani uliopinda, ambao mlinganyo wake una namba 486,662, na safari inaanzia kwenye nukta ya 9. Kanuni ya mazungumzo ni ileile: kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma hakuna njia inayojulikana ya kuaminika kwa kompyuta za leo. Aliye bora kabisa katika kurudi nyuma anahitaji hatua zenye idadi ya tarakimu 38. Mpe mashine milioni moja, kila moja ipige hatua bilioni elfu moja kwa sekunde, atatumia zaidi ya miaka bilioni elfu mbili. Ulimwengu huu una miaka bilioni 13.8.

WhatsApp ilikamilisha kuweka ulinzi huu kwa watumiaji wake wote mwezi Aprili 2016, kwa mfumo ulioandikwa na kundi la Signal. Ukitaka kuona alama yake kwa macho yako, fungua mazungumzo yako na mtu mmoja, gusa jina lake juu, shuka hadi penye picha ya kufuli. Utakuta namba yenye tarakimu 60, zimepangwa tano tano. Nusu imetokana na ufunguo wako, nusu na wa mwenzako. Mkikutana ana kwa ana, linganisheni. Zikifanana, hakuna mtu katikati yenu. Nimewaambia watu wengi hivi na wengi hucheka, lakini ningekuwa natuma makubaliano ya shehena ya mamilioni, ningezilinganisha.

Na si WhatsApp peke yake. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na kusimama Kilosa, watu wetu wananunua tiketi kwa simu. Simu inapofungua tovuti yenye alama ya kufuli, inapiga mazungumzo kama yale ya mama na shemeji kabla haijaonyesha hata herufi moja, na mara nyingi sana ni kwa namba hii hii, toa 19.

Msinielewe vibaya lakini. Yapo ambayo namba hii haiyagusi. Ukibonyeza nyota, tarakimu, nyota, hadi reli ili kutuma fedha, huko ulinzi ni wa mtandao wa simu wenyewe, njia nyingine kabisa. Ujumbe wa kawaida wa simu nao hauna kufuli hili. Na yule anayekuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii" hahitaji kuvunja hisabati ya mtu yeyote. Anasubiri wewe mwenyewe umpelekee. Hakuna namba tasa, hata iwe na urefu wa kutoka hapa hadi Gairo, itakayomlinda mtu aliyetaja namba yake ya siri kwa sauti tamu ya mgeni simuni.

Wapo wanaosema namba tasa kubwa ni ubishoo wa wazungu. Nawajibu kwa mfupa. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa mdogo unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Umechanjwa mistari kwa makundi. Upande mmoja makundi ni ya mistari 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, kwa mpangilio, na jumla yake ni 60. Sasa, mimi siamini kwamba aliyechanja mfupa ule alikuwa anatafuta namba tasa. Ili uijue namba tasa lazima kwanza uwe umefikiri sana kuhusu kugawa, na upande mwingine wa mfupa una 9 na 21, ambazo si tasa. Jumla ya makundi yote ya upande huo nayo ni 60. Wengine wamedhani ni hesabu ya miezi ya mbalamwezi. Lakini kwamba mtu wa ukanda huu wa maziwa yetu alikuwa ameketi anahesabu na kuandika hesabu yake wakati ule, hilo mimi naliamini. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Kuna pia wanaokimbiza ukubwa kwa ajili ya ukubwa. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani, akitumia mashine zilizotawanyika nchi mbalimbali katika mradi wa kujitolea ulioanza mwaka 1996. Ina tarakimu 41,024,320. Ningekuwa nikiwasomea tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, bila taarifa ya habari wala adhana wala matangazo ya vifo, ningemaliza baada ya siku 474 na saa kumi na tisa na ushee. Mkurugenzi wa kituo asingekubali. Inaishia na 1, na hilo mnaweza kulihakikisha kwa ule mzunguko wa 2, 4, 8, 6: gawa kipeo kwa 4, baki ni 1, hatua ya kwanza ni 2, toa 1. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini hailindi ujumbe wa mtu. Ni kubwa mno, hakuna simu ya kuibeba. Ikiwa lazima nichague, nachukua ile ya tarakimu 77 iliyochaguliwa kwa kuwa nyepesi.

Mtauliza, kufuli hili litadumu? Kwa mashine za leo, ndiyo. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, ile ya kwantamu, ikipatikana kubwa na imara ya kutosha, itarudi nyuma kule nilikosema hakurudiki. Bado haijapatikana ya ukubwa huo. Signal hawakusubiri: mwaka 2023 waliongeza kufuli la pili lisilotegemea hesabu za aina hii, likafungwa juu ya la kwanza. La kwanza hawakuling'oa, lipo palepale na 19 yake.

Kabla sijamwachia fundi mitambo, kazi ya nyumbani, na hasa kwa wanafunzi wa sekondari walioko likizo. Fanyeni kwa kipeo cha 11 yale tuliyoyafanya kwa kipeo cha 255. Mbili kumi na moja zikizidishwa ni 2,048. Toeni witiri, mmoja baada ya mwingine, mpaka mfikie namba tasa ya kwanza. Njiani mtakutana na mbili zenye kuhadaa: 2,047 na 2,041. Zote mbili hazigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, wala 11, na zote mbili si tasa. Atakayepiga simu wiki ijayo na jibu aje na majina ya wanaozigawa, maana "si tasa" peke yake sitaikubali.